Kanzu ya ba'mkubwa yageuka pinki!

Mimi huku Bukoba wiki iliyopita nusura nihamishiwe nje na godoro langu kwa sababu ya fulana moja tu. Usicheke. Kaa kitako nikupe mkasa wenyewe, halafu nitakupa na dawa yake, maana najua iko siku na wewe utatoa nguo nyeupe kwenye beseni ukute imegeuka pinki. Siku hiyo utanikumbuka.

Kwanza nikuweke sawa. Mimi naishi kwa baba mkubwa hapa Kashai. Tuko watano: baba mkubwa, mama mkubwa, mtoto wao wa mwisho anayesoma darasa la tano, mimi, na dada wa kazi ambaye kwao ni Muleba, upande wa Nshamba. Jina lake naliweka kapuni, kwa sababu katika mkasa huu yeye ndiye asiye na kosa na ndiye aliyeumia kuliko wote.

Jambo la pili unalopaswa kujua ni kwamba baba mkubwa ni Yanga wa kufa mtu. Mimi ni Simba. Sasa siku hiyo nilikuwa nimejinunulia sokoni fulana ya pamba, nyekundu ya kung'aa, ina simba mkubwa kifuani. Nilimuuliza muuzaji, "Haichuji hii?" Akaapa kwa jina la mama yake. Nikamwamini. Sokoni pale watu wanaapa sana, ndugu yangu, na wengine mama zao walishatangulia mbele ya haki.

Sasa twende kwenye mkasa. Jumamosi baba mkubwa alikuwa aende Kamachumu kupeleka mahari ya binamu yangu, na yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Kama wewe ni mtu wa Kagera unaelewa maana yake. Mzee wa Kihaya kwenye shughuli kama hiyo anavaa kanzu nyeupe, koti juu, na fimbo mkononi. Akiketi pale anapokewa kwa kahawa ya kutafuna na lubisi, na wakwe wanamtazama kuanzia shingoni mpaka unyayoni. Kanzu yenyewe ni ya pamba nzito, shingoni ina darizi ya uzi wa damu ya mzee. Hiyo kanzu hata mama mkubwa haishiki kabla ya kunawa mikono.

Alhamisi jioni dada akaloweka nguo nyeupe zote kwenye beseni kubwa chini ya upenu: kanzu, mashati mawili ya shule ya dogo, na petikoti la nailoni la mama mkubwa. Alitaka afue alfajiri kwa sababu, si unajua mvua za Bukoba! Huu ni mji unaopata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa nne ndio usiseme. Ukifua saa nne, saa tano mbingu zinafunguka.

Mimi nikarudi saa nne usiku, fulana yangu imeingia tope lote la Kashai. Nikaona beseni, nikaona povu. Nikajiambia, kwa nini nipoteze sabuni nyingine? Nikaichovya humo humo, nikaenda kulala. Usingizi mnono kabisa.

Alfajiri nikashituka. Kuna kitu moyoni kikaniambia, kijana, nenda kaangalie beseni. Nikatoka na tochi ya simu. Ebwana eeh! Maji yalikuwa kama juisi ya rosella. Nikainua kanzu. Pinki. Nikainua shati. Pinki. Petikoti nalo lilikuwa limepata rangi kidogo pembeni.

Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri, maana ni hapa ninapoona haya. Sikumwamsha mtu. Niliichomoa ile fulana kimya kimya, nikaikamua, nikaisukumia chini ya kitanda, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Saa kumi na mbili nikasikia ukelele wa dada, halafu sauti ya mama mkubwa: "Waitu! Umefanya nini?" Dada akasema hajui. Mama mkubwa akatazama kamba, akaona khanga nyekundu ya dada inaning'inia. Kesi ikaisha hapo hapo. Dada akaapa kuwa khanga yake ameifua juzi, peke yake, kwenye ndoo ya plastiki. Nani wa kumsikiliza? Hukumu ikatoka: mshahara wa miezi miwili utakatwa, na baba mkubwa akirudi jioni atajieleza mwenyewe. Mimi niko chumbani, nasikia kila neno, na nimefumba macho kama maiti.

Baada ya hapo wakaja madaktari wa nguo. Wa kwanza ni mama mkubwa mwenyewe, akamwaga chumvi nusu pakiti ndani ya beseni. Wa pili ni jirani, akasema dawa ya nyeupe ni bluu ya kufulia. Wakajaribu kwenye pindo la shati moja, likatoka zambarau kama joho la askofu. Mama mkubwa akapandwa hasira, akachukua chupa ya JIK akamimina kavu kavu juu ya lile shati na juu ya petikoti. Petikoti likawa njano. Shati lilirudi kuwa jeupe kweli, lakini kola ilipovutwa ikaachia kama karatasi iliyolowa. Kanzu ilipona kwa sababu tu mama mkubwa aliogopa kuigusa.

Dogo akaingia chumbani kwangu kuchukua begi lake la shule. Akachungulia sakafuni, akaninong'oneza, "Kaka, chini ya kitanda chako kunavuja damu."

Nikatoka nje kutafuta maneno. Dada hayupo. Mfuko wake haupo. Khanga yake haipo kambani.

Nilikimbia mpaka stendi bila kunawa uso. Nikamkuta ndani ya gari dogo la Muleba, kiti cha nyuma, mfuko umekaa mapajani, konda anaita abiria wa mwisho. Nikamwambia ukweli wote palepale, mbele ya abiria. Mama mmoja mwenye kikapu akasema, "Ha! Na wewe una ndevu!" Nikavumilia.

Dada hakunitukana. Alichosema ni hiki, na bado kinaniuma mpaka leo: "Kaka, mimi nikifika nyumbani mikono mitupu, nitasema nini? Huko wakiona msichana amerudi ghafla hawasemi nguo zimechuja. Watasema ameiba, au ana mimba."

Sikuwa nimefikiria kabisa upande huo. Kwangu mimi ilikuwa kesi ya kanzu. Kwake ilikuwa ni kesi ya jina lake, kijijini kwao. Akakubali kushuka kwa sharti moja: nikaseme maneno yale yale mbele ya mama mkubwa, na yeye akiwepo. Tukarudi. Nikasema. Sitakueleza alichonijibu mama mkubwa, gazeti hili linasomwa na watoto. Itoshe kusema kwamba alipomaliza kunisema alinikabidhi beseni lote na kuniambia kanzu isipokuwa nyeupe kesho asubuhi, nitakwenda Kamachumu mimi kuwaeleza wakwe.

Basi bwana, mimi na dada tukabeba beseni mpaka Hamugembe, kwa mzee mmoja dobi aliyeanza kufua nguo za watu kabla mimi sijazaliwa. Akaingiza mkono, akainusa kanzu, akauliza maswali mawili tu. "Mmeianika?" Hapana mzee. "Mmeipiga pasi?" Hapana. Akatabasamu. "Basi bado iko hai. Nguo ikiwa mbichi, ina maneno. Ikikauka na ile rangi, imenyamaza."

Hilo neno likamate msomaji wangu. Rangi iliyohama kutoka nguo moja kwenda nyingine mara nyingi haijajifunga vizuri kwenye uzi. Kiwandani rangi hupikwa na kufungwa kwenye pamba kwa kemikali na joto, halafu ile iliyobaki inatakiwa isuuzwe mpaka iishe. Fulana za bei chee hazisuuzwi vya kutosha, kwa hiyo ile rangi iliyobaki inakuja kusuuzwa nyumbani kwako. Ikitoka inaelea kwenye maji, ikiona nguo nyeupe ya pamba inatua hapo. Ukiiwahi ikiwa mbichi, unaweza kuishawishi irudi majini. Ukiianika juani na kuipiga pasi ya moto, unaisaidia kutulia, na kuitoa kunakuwa kazi ya ziada.

Na hii biashara ya rangi za kiwandani, unajua ilianza vipi? Mwaka 1856 kijana mmoja wa London, William Perkin, akiwa na miaka 18 tu, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata. Alipata uji mweusi uliotoa rangi ya zambarau, ikawa ndiyo rangi ya kwanza ya kutengenezwa iliyopata soko kubwa. Kwa hiyo sisi watu wa Kagera malaria tumeachiwa, na rangi za kuchuja nazo tumeletewa!

Haya, sasa shika kalamu. Hivi ndivyo mzee alivyotufundisha siku ile, na mimi nimeongeza machache niliyoyasoma baadaye.

KWANZA, tenganisha. Toa nguo yenye kosa, iweke mbali. Nguo zilizodhurika zisuuze kwa maji baridi, ukibadilisha maji mara kwa mara, mpaka maji yatoke bila rangi. Sisi tulibadilisha mara sita. Maji ya kwanza yalikuwa juisi, ya sita yalikuwa maji. Na kanzu yenyewe ikashuka, kutoka pinki ya ua waridi mpaka pinki ya ukucha. Maji matupu tu, bila dawa yoyote.

PILI, angalia kitambaa kabla hujagusa dawa. Nyeupe si nguo ya aina moja. Pamba ni kitu kimoja, nailoni ni kingine, sufu na hariri ni vingine kabisa. Soma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya kola au ubavuni. Na tazama kama kuna sehemu ya rangi juu ya hiyo nyeupe: darizi, maua, nembo ya shule. Kanzu ya baba mkubwa ilikuwa na darizi ya damu ya mzee. Tungeitumbukiza kwenye JIK, tungepata kanzu nyeupe yenye shingo ya kijivu, na hapo ningehama mkoa.

TATU, fua upya kwa sabuni ya unga na maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia. Loweka saa moja, sugua taratibu, mwaga maji, rudia. Usifue pinki mbili kwa maji mamoja ukidhani unaokoa sabuni. Rangi unayoitoa huku inakwenda kukaa kule.

NNE, kama bado kuna rangi, tumia dawa ya oksijeni. Kwenye maduka makubwa kuna unga wa kuondoa madoa, pakiti yake huwa ina neno kama 'oxy'. Huo ni sodiamu pakaboneti. Ukiutia kwenye maji ya uvuguvugu unatoa haidrojeni peroksaidi, ambayo inavunja ile rangi pole pole. Sisi tuliweka vijiko viwili vya chakula kwa lita tano, lakini wewe fuata maelezo ya pakiti yako. Loweka nguo izame yote, kwa saa sita mpaka nane. Usiufungie ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, kwa sababu unatoa hewa na mfuniko unaweza kuruka. Unga huu hauna ukali wa JIK, lakini kwanza jaribu upande wa ndani, na usiupeleke kwenye sufu wala hariri. Mzee alijaribu kwanza kwenye ncha ya darizi, akasubiri, akafuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilibaki cheupe. Ndipo akazamisha kanzu.

Ukikosa huo unga, nenda duka la dawa uulize haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayotoa povu kwenye kidonda. Hiyo inafaa kwa doa dogo kwenye nguo nyeupe: weka juu ya doa, subiri nusu saa, suuza.

TANO, JIK iwe ya mwisho, na iwe kwa pamba nyeupe tupu. Ichanganye na maji baridi kwanza ndani ya chombo cha plastiki. Kikombe kidogo cha kahawa kwa lita kumi ni mwanzo mzuri, ila soma chupa yako maana nguvu zinatofautiana. Zamisha nguo, simama hapo hapo uiangalie, usiende kupiga stori. Dakika kumi, kumi na tano, inatosha. Toa, suuza sana. Shati la pili la dogo tuliliokoa hivyo, na kola yake iko imara mpaka leo. Lile la kwanza lililomiminiwa kavu kavu sasa linafutia baiskeli. Nailoni usiipe JIK kabisa, inakuwa njano na kuchakaa. Mama mkubwa ni shahidi, ingawa hapendi kuulizwa.

Na hapa naomba usome mara mbili. Usichanganye JIK na siki, ndimu, dawa ya choo ya asidi, amonia, wala nepi zenye mkojo. Usiimwage juu ya dawa nyingine yoyote ambayo hujaisuuza. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na hiyo gesi ndiyo Wajerumani waliyoifungulia askari wa upande wa pili huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, wakafa wengi. Sasa wewe unafua umejifungia bafuni ya futi nne kwa nne, umemwaga JIK na ndimu sita eti zisaidiane. Hazisaidiani. Zinakutafuta wewe. Ndugu zetu wa Kongo dawa hii wanaiita Javel, kwa jina la kijiji kilichomezwa na jiji la Paris ilikoanza kutengenezwa miaka ya 1780. Jina linabadilika, ukali ni ule ule.

Na ile chumvi ya mama mkubwa je? Nilimuuliza mzee dobi, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe wapaka rangi nguo hutumia chumvi ili kuisukuma rangi iingie kwenye pamba! Yaani wewe unataka mgeni aondoke, halafu unamwandalia kitanda. Bluu nayo inaficha umanjano, lakini nyekundu ukiipa bluu inakupa zambarau. Kama ni doa la utomvu wa mgomba, hilo ni somo jingine, hata mzee dobi ananyoosha mikono. Ukienda kukata ndizi usivae nyeupe, basi.

Haya, turudi kwenye mkasa. Kanzu ilizama saa saba mchana Ijumaa. Saa mbili usiku tukaitoa, tukaisuuza, tukaitazama chini ya taa: nyeupe. Pindo la chini tu, pale kitambaa kilipokunjwa mara mbili, palibaki kivuli chepesi cha pinki. Mzee alituambia tukiona kivuli tusikate tamaa wala tusiongeze dawa kwa pupa. Tuiache ipumzike, siku nyingine tuirudie. Tukaianika sebuleni na feni ikiizungukia. Asubuhi jua la Bukoba likatuonea huruma kwa saa mbili kamili, halafu dada akaipiga pasi.

Baba mkubwa alikuwa amerudi Ijumaa jioni, na nilimweleza mwenyewe kabla hajavua viatu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Hiyo fulana ni ya nini?" Nikasema ni ya Simba. Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana inachuja," akasema. Akaenda kula.

Jumamosi aliondoka na kanzu yake, koti na fimbo. Kamachumu mahari ilipokelewa vizuri. Aliporudi alisema wakwe waliisifia kanzu, wakauliza inafuliwa na nani. "Nikawaambia kuna binti hodari kutoka Nshamba." Alisema kwa sauti, dada akiwa jikoni. Mama mkubwa hakusema pole. Watu wazima wa kwetu pole huwa inawakwama kooni. Lakini usiku ule alimpakulia dada kwanza, kabla yetu sote, na mwisho wa mwezi mshahara wake ulitoka wote, bila kukatwa hata shilingi. Shati la shule na petikoti nalipa mimi, kidogo kidogo, kutoka kwenye malipo ya safu hii. Mhariri wangu akifika hapa naomba asiruke mstari.

Kabla sijaaga, kinga ni hii. Nguo mpya ya rangi kali, iwe khanga, kitenge au fulana, chovya pembe yake majini uiminye kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikishika rangi, nguo hiyo ifuliwe peke yake mara tatu nne za mwanzo, mpaka maji yakae meupe. Usiloweke nyeupe na rangi pamoja, hata kama muuzaji ameapa kwa mama yake. Na siku mvua ikikukatisha kufua, usirundike nguo mbichi kwenye beseni moja zilale pamoja. Zitenganishe, hata kama ni kwenye sufuria. Kagua na mifuko pia. Kalamu moja inatosha kumaliza shati.

Lakini hayo ni ya nguo. Lile lililonifanya niandike ni jingine. Mijini tumejaza mabinti kutoka Muleba, Ngara, Karagwe na kwingineko, wanafua nguo zetu. Kitu kikiharibika, wa kwanza kutazamwa ni wao, kwa sababu hawana wa kuwasemea. Siku ile ningeweza kunyamaza, fulana ikakauka chini ya kitanda, na mtu angekwenda kwao na jina la wizi kwa ajili ya uvivu wangu wa dakika mbili. Kosa nalo ni kama ile kanzu. Liseme likiwa bichi, linatoka. Likikaukia kwa mtu mwingine, hakuna dobi wa kulitoa.

Fulana yangu bado ninayo. Nimeifua mara tano, peke yake, kwenye ndoo yake. Bado inachuja. Sokoni nimemtafuta yule muuzaji, wanasema amehamia Biharamulo.

Haya mpenzi msomaji, tukutane tena wiki ijayo panapo majaliwa. Funga mkaja, angalia beseni lako kabla ya kulala.